Likizo na Wazazi au na Marafiki: Mwongozo kwa Mzazi wa Kijana wa Miaka 15 hadi 18

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne wanapomaliza mitihani, wazazi wengi wa Dar es Salaam huulizana jambo lile lile. Familia imekwisha kupanga kwenda Moshi kwa Krismasi, lakini kijana anasema kwamba mwaka huu angependa kwenda Morogoro, Bagamoyo au Zanzibar pamoja na wenzake. Je, aruhusiwe? Akiruhusiwa, alale wapi, apewe kiasi gani, na akipatwa na shida nani atamfikia? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa utaratibu, kwa sababu mzazi anayeulizwa ghafla wakati wa chakula cha usiku hujikuta na majibu mawili tu, la kukubali na la kukataa, na lolote kati ya hayo likitolewa kwa haraka huzaa ugomvi usiokuwa na lazima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Safari ya kwanza na marafiki iruhusiwe, ila iwe fupi, iwe ya karibu, ipangwe na kijana mwenyewe, na isimalize likizo yote ya familia. Sababu yake ni ya kivitendo. Matokeo ya kidato cha nne hutangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kwa kawaida mwezi Januari, na wanaochaguliwa huanza kidato cha tano mwezi Julai, mara nyingi katika shule ya bweni iliyo mkoa ambao kijana hajawahi kuukanyaga. Asiyewahi kulala hata usiku mmoja mbali na macho ya wazazi wake atajifunza yote kwa mkupuo, akiwa peke yake. Siku tatu za Morogoro pamoja na wenzake wanne anaowafahamu ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Jambo moja la kisheria lisisahaulike: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kumruhusu kusafiri hakukuondolei wajibu wako, na ndiyo maana hatua zinazofuata zinamhusu mzazi kama zinavyomhusu kijana.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Wiki nne hadi sita za maandalizi. Kwa safari ya Desemba, anza mapema zaidi.
- Namba za simu za mzazi au mlezi wa kila kijana atakayesafiri.
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha shule. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kuanzia miaka 18, hivyo kijana wako huenda hana.
- Barua ya ridhaa yenye sahihi yako na namba yako ya simu. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye picha na mhuri, huongeza nguvu na haina usumbufu mkubwa kuipata.
- Mtu mzima unayemwamini anayeishi huko waendako.
- Kadi ya bima ya afya, kama anayo.

Ukikosa hilo la mtu mzima, usiendelee. Badilisha mahali.

Hatua za kufuata

1. Sikiliza ombi lote, kisha omba mpango wa maandishi. Usimkatize kijana kwa kumwambia kwamba hata wewe katika umri wake hukwenda popote. Mwambie kwamba utatoa jibu baada ya wiki moja, na katika wiki hiyo akuletee karatasi moja yenye majibu haya: wanakwenda nani na nani, wapi, lini hadi lini, wanalala wapi, wanasafiri kwa chombo gani, na gharama yake ni kiasi gani kwa kila mmoja. Kijana aliyedhamiria kweli ataileta. Asipoileta, ombi limejifuta lenyewe bila wewe kukataa chochote. Kosa la kawaida hapa ni mzazi kuichukua kazi yote mkononi mwake, akapiga simu zote na kukata tiketi zote, kisha akalalamika kwamba kijana hajui kujitegemea.

2. Gawanyeni likizo kabla ya kuzungumzia mahali. Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Familia nyingi huliweka jambo hili kama shindano: ama Moshi na wazazi, ama Morogoro na marafiki. Likizo ya Desemba ina nafasi ya vyote viwili, na kwa aliyemaliza kidato cha nne nafasi ni kubwa zaidi. Chukueni kalenda, mweke kwanza siku ambazo kijana hana budi kuwa na familia, kama vile sikukuu yenyewe, mkutano wa ukoo, kumbukumbu ya marehemu au harusi. Siku hizo zisijadiliwe. Kisha mweke siku za marafiki mbali na sikukuu, kwa mfano katika wiki ya kwanza ya Desemba, ambapo vyombo vya usafiri havijajaa na wewe mwenyewe hujaondoka Dar es Salaam.

Baada ya hapo, jiulize kwa uaminifu kwa nini safari ya familia haimvutii. Mara nyingi kijana haichukii familia. Anachokichoka ni kukaa siku kumi kijijini akitumwa maji na kuni, akilala chumba kimoja na wadogo zake watano, huku kila mjomba akimuuliza anatarajia divisheni gani. Mpe siku moja ya safari ya familia aipange yeye, iwe ni kwenda maporomoko ya Materuni au kuwatembelea binamu zake mjini. Mpe pia kazi ya kiutu uzima, kama kusimamia manunuzi ya sikukuu au kumsindikiza bibi kliniki. Kwa kijana wa miaka 15, ninashauri kuanza kwa kumruhusu amwalike rafiki mmoja aende na familia. Wazazi wa rafiki huyo wanatulia, naye kijana anapata mwenzi, na wewe unapata siku kadhaa za kumfahamu huyo rafiki alivyo.

3. Chagueni mahali pa karibu panapofikika kwa siku moja. Kipimo ninachokitumia ni hiki: akikupigia simu saa nne asubuhi akiwa na shida, je, unaweza kumfikia kabla ya jua kuzama? Morogoro inafaa, na Bagamoyo, iliyo takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, inafaa pia, yenye magofu ya Kaole, Boma la zamani na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Zanzibar naipendekeza kwa safari ya pili. Baharini ratiba huamuliwa na boti, na huwezi kuwasha gari ukamfuata.

Mahali penye maji panahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa vijana wengi waliokulia mjini hawajui kuogelea lakini hawapendi kukiri mbele ya wenzao. Muulize kijana wako mkiwa wawili tu. Mweleze kwamba katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inaweza kuzidi mita tatu, na kwamba fungu la mchanga walilolifikia kwa miguu linaweza kuzungukwa na maji kabla hawajatambua. Wamuulize mvuvi wa eneo hilo saa za kujaa, waogelee mahali penye watu, na wasiingie majini usiku. Kwenye boti yoyote, hata ya kwenda kisiwa cha Mbudya tu, wavae majaketi ya kuokolea maisha, na boti ikijaa kupita kiasi wateremke. Ajali ya meli ya MV Spice Islander ya Septemba 2011, iliyokuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na ya MV Skagit ya Julai 2012 ziliua watu wengi mno kwa onyo hili kuchukuliwa kama woga wa wazazi.

4. Zungumza na wazazi wa wenzake, mmoja mmoja. Usitosheke na maneno ya kijana kwamba "wazazi wa wenzangu wote wamekubali". Kila nyumba huambiwa hivyo hivyo, na mara nyingine hakuna hata mmoja aliyekubali. Piga simu, jitambulishe kwa heshima kuwa wewe ni mama au baba wa fulani, kisha uliza mambo matatu: kama wana habari ya safari, kama wameridhia tarehe na mahali, na kama mtoto wao ana ugonjwa ambao wenzake wanapaswa kuujua, kama pumu, kifafa, selimundu au mzio wa chakula. Swali hilo la tatu lisiachwe kwa kuona haya. Kijana mwenye selimundu anayepandishwa milima ya Uluguru katika baridi ya mvua anaweza kupata maumivu makali, na wenzake wasiojua watadhani anadeka.

Katika mazungumzo hayo kubalianeni pia juu ya ukubwa wa kundi. Wanne hadi sita wanatosha. Wakiwa wawili, mmoja akiugua mwingine anabaki peke yake, na wakizidi sita kundi hugawanyika na hakuna anayejua nani yuko wapi. Kama kundi ni la wavulana na wasichana, malazi yawe tofauti na awepo mtu mzima katika nyumba hiyo hiyo. Yasemeni haya waziwazi kati yenu wazazi na kwa vijana wenyewe, kwa lugha ya staha.

5. Hakikisheni malazi na mtu mzima wa karibu. Chaguo la kwanza ni nyumba ya ndugu, iwe ya shangazi, mama mdogo au baba mdogo. La pili ni hosteli ya taasisi ya dini, ambazo kwa kawaida zina mlinzi, chakula na saa ya kufunga geti. Gesti ya kawaida siipendekezi kwa walio chini ya miaka 18, hata kama mhudumu amekubali kwa simu, kwa sababu wageni huingia na kutoka usiku kucha na baa mara nyingi iko ukumbini. Piga simu wewe mwenyewe kwa mwenyeji, umuulize kama yupo siku hizo na kama ameridhia idadi yao. Tuma mchango wa chakula kabla hawajafika. Shangazi hatauomba, lakini vijana watano wanakula.

6. Pangeni usafiri wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa Sh 13,000. Thibitisheni iliyopo sasa kabla ya kupanga bajeti. Safari huchukua takriban saa mbili, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya Morogoro kufaa kwa safari ya kwanza. Kata tiketi ya kurudi siku ile ile mnayokata ya kwenda, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kituo cha Morogoro kipo nje ya katikati ya mji, kwa hiyo mwenyeji awapokee au awaelekeze bajaji za uhakika.

Wanaochagua basi wasafiri mchana. Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kuanzia Oktoba 2023, lakini ruhusa hiyo isiwe sababu ya watoto kushuka stendi saa nane usiku. Bodaboda kwa mwendo mrefu, au watu watatu juu ya pikipiki moja, iwe marufuku kabisa.

7. Tengenezeni bajeti, na fedha itolewe kwa mafungu. Kijana aandike nauli, chakula, viingilio, kiongozi wa kupanda milima, na akiba ya dharura inayolingana angalau na nauli ya kurudi. Mpe sehemu mkononi na sehemu kwenye simu, na nyingine uitume siku ya pili. Kijana achangie kitu chake, hata kama ni kidogo, kutokana na akiba yake au kazi za nyumbani, kwa kuwa anayechangia hutumia kwa uangalifu. Mfundisheni pia juu ya ujumbe wa matapeli unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Wekeni neno la siri la familia. Ombi lolote la fedha lisilokuwa na neno hilo, hata likitoka kwenye namba yake, lithibitishwe kwa sauti kabla ya kutuma.

8. Andikeni makubaliano machache yanayoshikika. Orodha ya masharti thelathini haitasomwa. Haya yanatosha:

- Hakuna pombe wala sigara, na hakuna kukubali kinywaji kilichofunguliwa na mtu mwingine.
- Saa 12:30 jioni wote wawe kwa mwenyeji.
- Hakuna anayeachwa nyuma wala anayeondoka peke yake.
- Simu au ujumbe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa saa mlizokubaliana.
- Picha za mahali walipo zisiwekwe mtandaoni hadi watakapokuwa wameondoka hapo.
- Akijisikia hayuko salama, apige simu saa yoyote, naye atafuatwa bila kugombezwa siku hiyo.

Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ni ahadi yako wewe. Vijana wengi hukaa kimya penye hatari kwa sababu wanaogopa ukali wa nyumbani kuliko wanavyoiogopa hatari yenyewe. Ukilitamka, litimize hata kama amekuamsha usiku wa manane kwa jambo utakaloliona dogo.

9. Fungeni mkoba. Nguo za siku tatu, koti la mvua kwa sababu vuli huenda bado inanyesha, viatu vya kushika utelezi, dawa anazotumia, pawabanki, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu, kwa kuwa simu ikiibiwa namba zote huondoka nayo. Wanaopanda Uluguru wachukue kiongozi wa wenyeji na waanze asubuhi, maana ukungu na mvua ya mchana hufanya njia kuwa mbaya.

10. Wakiwa safarini, timiza sehemu yako. Usipige simu kila saa. Ukifanya hivyo, kijana ataanza kuacha kupokea, na siku ya shida ya kweli hutajua tofauti. Pokea taarifa ya asubuhi na ya jioni, mpigie mwenyeji mara moja kwa siku kumshukuru na kumsikiliza, kisha endelea na kazi zako. Dada na kaka wanaobaki nyumbani wasitumwe kumpeleleza kwenye mitandao.

11. Akirudi, kaeni chini. Mwache ale na alale kwanza. Siku inayofuata akuoneshe matumizi ya fedha na akusimulie yaliyokwenda vizuri na yaliyowashinda. Sikiliza bila kuhukumu kila sentensi, kwa sababu ndipo utakapojua kama safari ijayo inaweza kuwa ndefu zaidi.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Kijana hataki kabisa safari ya familia, hata zile siku chache. Usilinunue jambo hili kwa zawadi. Mueleze kwamba siku za familia ndizo zinazofungua siku za marafiki, kisha punguza kinachomkera: chumba, kazi zisizoisha, maswali ya matokeo. Ongea na wajomba kabla hamjafika.

Anaomba abaki nyumbani peke yake familia ikisafiri. Hili wazazi wengi hulikubali kwa wepesi, na kwangu lina hatari kuliko safari yenyewe, kwa sababu nyumba isiyokuwa na mtu mzima hujulikana haraka mtaani. Akae kwa ndugu, au ndugu mtu mzima ahamie nyumbani kwa siku hizo.

Bibi anauliza mjukuu wake yuko wapi. Mara nyingi lawama za ukoo ndizo zinazowafanya wazazi wabatilishe ruhusa waliyokwisha kuitoa. Kijana ampigie bibi mwenyewe kabla ya safari, amweleze tarehe atakayofika Moshi, na aitimize. Bibi aliyeambiwa na mjukuu wake hulipokea tofauti na aliyeambiwa na watu wengine.

Mtoto wa kiume ameruhusiwa, dada yake amekataliwa. Kama sababu ni usalama, basi masharti ya usalama yawekwe kwa wote wawili, yakitimia aende yeyote. Binti akiambiwa hapana bila sababu, wakati kaka yake anaondoka bila masharti, ataacha kuomba ruhusa na ataanza kuondoka kwa uongo. Huyo ni vigumu zaidi kumlinda.

Mzazi mmoja hapatikani au anajibu kwa mzunguko. Mtoto wake asihesabiwe kwenye kundi hadi apatikane. Ikibidi, sogezeni tarehe mbele.

Mmoja amejitoa dakika za mwisho na gharama imepanda. Vijana wapige hesabu upya wao wenyewe, wapunguze kiingilio au siku moja. Usiharakishe kuziba pengo.

Simu yake imezimwa na saa ya taarifa imepita. Subiri nusu saa, kisha wapigie wenzake, halafu mwenyeji, halafu wazazi wengine. Ikiwa hakuna hata mmoja wa kundi anayepatikana na mwenyeji hajawaona, usingoje asubuhi. Piga 112 kwa polisi, na 116, ambayo ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto na hailipiwi. Taja majina yao, nguo walizovaa kama mwenyeji anazikumbuka, mahali walipoonekana mara ya mwisho na namba ya tiketi au ya basi, ambayo ni vyema uwe umeipiga picha siku walipoondoka.